Sinia Baridi la Idi

Wageni wanaokuja kwangu siku ya Idi hulisifu sinia langu. Wanauliza: dada, umefanyaje, mbona hapa hakuna hata kimoja kilichopikwa na bado mtu anaramba vidole? Ninawaambia ni rahisi tu: nanasi, embe, tende, jibini, ndimu, basi. Sinia lenyewe lina kibonyeo ukingoni, na kila mwaka kuna mtu anauliza lilianguka wapi. Halikuanguka. Lilipiga mtu.

Mi ni mtu wa hasira, sijifichi. Hapa mtaani kwetu Bwiza wananijua. Muuza nyanya akiniwekea mbovu chini na nzuri juu, mtaa mzima unasikia. Bibi yangu alikuwa akisema nilizaliwa ngumi zimefungwa, mkunga akashindwa kuzifungua. Lakini asubuhi ile ya Idi ninayotaka kuieleza haikuwa hasira ya nyanya. Nilikata nanasi huku nikimwomba Mungu azuie mkono wangu, kwa sababu kisu kilikuwa kikali na mtu niliyekuwa namkatia alikuwa njiani anakuja.

Mtu huyo alikuwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Walikuwa wanakaa Kinindo, nyumba ya geti na maua, majirani wanaendeshwa na madereva. Mwisho mwisho wa mfungo, mdogo wangu alishuka kwenye taksi mbele ya nyumba ya baba yetu, bila viatu, mkono wa kulia umefungwa plasta ya hospitali kuanzia vidoleni mpaka juu ya kiwiko. Baba alimwuliza umeanguka? Akasema ndiyo, nimeanguka. Nikamvuta chumbani, nikafunga mlango, nikamwambia: mi si baba, sema.

Akasema. Waligombana uani kwao kwa sababu ya jambo dogo, alitaka kuja kufuturu kwetu na mume hakutaka. Mume akaingia kwenye gari aende zake, yeye akashika mlango ili amalize kusema. Mume akaufunga mlango wa gari juu ya mkono wake. Akaufungua. Akaufunga tena.

"Dada, mara ya kwanza ningesema bahati mbaya," aliniambia. "Mara ya pili alinitazama usoni."

Nilitoka chumbani nikavunja glasi mbili za baba kabla sijafika uani. Wala sikuziokota.

Sasa baba yetu. Maskini ya Mungu, si mtu mbaya, usimfikirie hivyo. Amekaa maisha yake yote dukani akiuza vipuri vya magari, anajua kelele ya kila injini ya mji huu, lakini kelele ya nyumba hataki kuisikia. Mama alikufa tukiwa wadogo, na baba aliamini kazi yake kwa mabinti ilikwisha siku alipotuozesha. Mimi nilikuwa nimeshakuwa mjane, nimerudi kwake na ninamtunza. Yeye hakutaka wa pili arudi. Alizungumza na wakwe kwa simu, akaja kututangazia: siku ya Idi, baada ya swala, watakuja, tutakula pamoja, na mtoto ataondoka na mume wake. Alikuwa amenunua mchele mzuri na nyama ya mbuzi. "Upike pilau ya kueleweka," aliniambia. "Watu wa Kinindo wasituone wa hovyo."

Hapo ndipo lazima nikueleze sheria ya Bibi, maana bila hiyo utaniona mwendawazimu tu.

Bibi, mama yake baba, ndiye aliyetulea. Alituachia jambo moja ambalo haliko kitabuni wala msikitini, lakini wamama wa zamani wa mji huu walilijua. Mwanaume akimvunja binti yenu au akimwaga damu yake, kisha akaja kumtaka, msimfukuze. Mgeni ni mgeni, mpeni kiti, mpeni chakula, mpeni na maji ya kunawa. Ila asile kitu kilichopita kwenye moto wa nyumba yenu. Moto unawashwa na mmoja tu: yule aliyepigwa. Akiuwasha kwa mkono wake na kumpikia, amesamehe, atarudi, na hakuna wa kumzuia. Asipouwasha, mgeni atakula baridi, atanawa, atakwenda zake, na maneno yamekwisha. Mtu mwingine akiwasha kwa niaba yake, Bibi alisema, huyo amemuuza mtoto.

Jioni ya kuandama kwa mwezi, watu wakiimba takbira na vijana wakipiga baruti mtaani, nilimwuliza mdogo wangu: "Utawasha?"

Akatazama plasta yake. "Sijui, dada."

"Hujui nini? Hujui mlango wa gari?"

"Ni mume wangu. Mi sijui. Usinipigie kelele."

Wallahi, nilitaka kumpiga mimi mwenyewe. Nikaenda nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Asubuhi baba alivaa kanzu yake nyeupe, akajipaka mafuta mazuri, akaenda kuswali. Alipopinda tu kona nilichukua nyama na kuipeleka kwenye friji ya jirani. Mchele nikaurudisha kabatini. Mbabula yetu, jiko letu la makaa, nikaiacha uani ilivyo, makaa ndani, baridi kabisa. Kisha nikashusha masinia mawili ya Bibi, yale mazito ya shaba, moja la wanaume na moja la wanawake, nikayasugua kwa ndimu na majivu mpaka yakawaka. Nikajisemea: kama atakula baridi, atakula baridi nzuri. Sitampa sababu ya kusema tulimdharau.

Nikaanza kukata. Nanasi la kwanza nililikata kichwa kwa pigo moja. Nilimenya maganda, nikachimba macho yake moja moja, nikayatupa, na kila jicho nililotoa nilijua ni la nani. Maembe niliyachana mashavu nikayapindua nyama nje. Avoka nilizipasua, nikachoma kokwa kwa ncha ya kisu na kuzing'oa, kisha nikamwagia ndimu nyingi zisije zikawa nyeusi. Matango, karoti, nyanya ndogo. Katikati nikaweka bakuli la kivuguto, maziwa yetu ya kuganda, nimeyakoroga na kitunguu saumu kilichopondwa na pilipili mbichi, hiyo pilipili nikaizidisha upande wa wanaume. Makokwa na maganda yalijaa beseni, mikono inanata hadi kwenye viwiko.

Mdogo wangu alikuwa kwenye kigoda, anatoa kokwa za tende kwa mkono wa kushoto na meno, anajaza jibini ndani.

"Na karanga?" aliuliza.

"Karanga zimekaangwa."

"Zilikaangwa sokoni, si kwetu."

"Moto ni moto. Weka pembeni."

Akaendelea kidogo. Kisha nikamwona anacheka peke yake. "Na hili jibini? Unafikiri maziwa yake hayakupashwa?"

"We nyamaza, jaza tende."

Tulicheka wote wawili. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia anacheka tangu aje, na alipocheka mkono ukamuuma, akakunja uso, nikarudia kukasirika upya. Nilipanga nanasi kuzunguka ukingo, maembe ndani yake, tende mviringo, nyanya zikimeta, majani ya mnanaa juu. Lilikuwa zuri, na bado nasema ndilo zuri kuliko yote niliyowahi kupanga.

Baba alirudi. Alisimama mlangoni mwa uani na kunusa. Nilimwona akinusa. Mtu anarudi nyumbani siku ya Idi, anategemea harufu ya pilau imfikie njiani, halafu ananusa ndimu. Akatazama mbabula. Akatazama masinia mawili. Alikuwa mtoto wa mama yake, alielewa mara moja.

"Nyama yangu iko wapi?"

"Imelala."

"Imelala! Unamtolea mgeni wangu sinia baridi? Leo? Siku ya Idi?"

"Mgeni wako amevunja mtoto wako, baba."

Akachukua sufuria kubwa ya pilau, ilikuwa tupu, akaitupa ukutani. Ilipiga, ikarudi, ikaangusha ndoo, maji yakatapakaa uani. Mdogo wangu akajikunja kwenye kigoda na kukinga uso kwa ile plasta. Hakufikiri, mkono ulipanda wenyewe. Mimi niliona. Sijui kama baba aliona.

"Mkono usioweza kuukata, ubusu!" baba alipiga kelele. "Unajua yule ni nani mjini? Unajua wanavyoongea watu? Mabinti wawili ndani, mmoja mjane na mmoja amekimbia! Washa moto."

"Mi siwashi."

"Nimesema washa!"

"Apana. Ukinipiga nipige, siwashi."

Akanyanyua mkono. Mi nilikuwa na kisu, naye alikiona, na mimi nikaona kwamba amekiona, nikakitupa kwenye beseni la maganda kwa sababu nilijiogopa. Naye akashusha mkono. Kisha baba yangu, ambaye hajawahi hata kuchemsha yai, alipiga magoti mbele ya mbabula na kanzu yake nyeupe. Akamwaga mafuta ya taa kwenye makaa, mengi mno, akawasha kiberiti. Moto ukamrukia usoni, akarudi nyuma akitukana, ukafa, ukabaki moshi. Akaanza kupepea kwa kawa la mkeka.

"Baba," nikamwambia, "unakumbuka Bibi alisema nini juu ya mtu anayewasha kwa niaba?"

"Mama yangu amekufa," alijibu bila kugeuka. "Mi ndo niko hai hapa."

Honi ikalia getini. Magari mengi wiki ile yalikuwa yamelala kwa kukosa mafuta, lakini lake lilikuwa linatembea, na alihakikisha tunasikia. Piii! Piiiii! Baba akasimama. Alikuwa na masizi kwenye paji, magoti ya kanzu meusi, macho mekundu ya moshi. Akaenda kupokea wageni hivyo hivyo. Nyuma yake, ndani ya mbabula, kaa moja dogo lilikuwa limeshika.

Nikanyakua birika la maji nilizime. Mdogo wangu akanishika nguo.

"Liache."

"Nini?"

"Liache, dada. Hilo ni langu."

Moyo wangu ukaanguka. Kwa sababu mtu anayetaka kuondoka hahitaji moto. Anayetaka kurudi ndiye anauhitaji. Nikaweka birika chini karibu na jiko, na kusema kweli nilimchukia kidogo kwa dakika ile.

Waliingia watatu: shemeji, ananukia mpaka barabarani, kanzu imepigwa pasi inakata, baba yake mdogo, mzee wa kofia na tumbo, aliyeletwa kusema maneno ya upatanishi, na mama mkwe, mwanamke mwembamba aliyevaa nguo za kijani, hakuwa msemaji. Wanaume wakakaa salo, chumba cha wageni. Mama mkwe nilimwingiza chumba cha ndani, kile chenye mlango wa kwenda uani, mimi na yeye na mdogo wangu. Pazia tu lilitutenga na wanaume, kwa hiyo kila neno lilipita.

"Eh, shemeji!" nilimsikia akiita nilipoweka sinia mbele yao. "Hii ni apelitifu kabisa, vya kufungulia tumbo! Kama ya hoteli za kule ziwani!" Akatoa simu, akapiga picha, kwa juu, kwa pembeni. Mzee alikuwa ameshajaza mdomo. "Mambo ya kisasa," alisema, "ni mepesi, hayalemei tumbo. Halafu ndo pilau inafuata." Nikasikia shemeji anakohoa kwa pilipili, na kikohozi kile kilinifurahisha moyo, Mungu anisamehe.

Ndani, mama mkwe hakula. Alilitazama sinia muda mrefu, kutoka ukingo mpaka ukingo. Kisha akafanya kitu ambacho sikukielewa: akaweka kiganja chake juu ya shaba, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akakiondoa.

"Na kule salo mumeweka kama hii?"

"Kama hii, mama."

"Yote ni hivi? Hakuna ya moto?"

"Hakuna."

Akafunga mikono mapajani. "Nimeshiba, mwanangu."

Nikafikiri ameona tusi, nikajiandaa kumjibu. Nilikuwa na majibu mengi yamepanga foleni. Lakini alikuwa anamtazama mdogo wangu, anaitazama ile plasta.

Kule salo mzee alikuwa amefika kwenye hotuba yake. Wagombanao ndio wapatanao. Ndoa ni kuvumiliana. Meno na ulimi viko mdomo mmoja na bado vinaumana. Baba akaitikia ndiyo, ndiyo mzee, kweli. Kila ndiyo yake ilinipanda kichwani. Kisha shemeji akapiga makofi mawili, yale ya kuita mtumishi.

"Bon. Sasa chai iko wapi? Mwambieni mke wangu anitengenezee chai, yeye ndo anajua ninavyoipenda. Tunywe, tuende."

Kisha sauti ya baba, ndogo, haikuwa ile ya uani: "Mama, mletee mumeo chai."

Mdogo wangu akasimama.

Sikumshika. Huwezi kumshika, sheria ni sheria, moto ni wake. Akapita mlangoni akaingia uani, nami nikabaki kwenye kizingiti na mama mkwe amesimama nyuma yangu, pumzi yake naisikia shingoni. Mbabula ilikuwa imeshika yote. Makaa mekundu kabisa, hayana moshi, mazuri ya kupikia. Baba alikuwa ameweza.

Alichukua birika kwa mkono wa kushoto. Lilikuwa limejaa, likamlemea, maji yakamwagika kidogo kwenye miguu yake. Akasimama mbele ya moto. Alisimama mpaka nikaanza kusoma dua kimya kimya, siyo nzuri, zile za kutishia. Nikawa namwona anavyoshusha birika taratibu kuelekea kwenye makaa, na ndani yangu kitu kikasema: basi, ameenda.

Akaligeuza.

Shwaaaa! Maji yote, mpaka tone la mwisho. Mvuke na majivu vikapanda mpaka kwenye bati, makaa yakapasuka pa! pa! pa!, jiko likaunguruma na kufa. Akaliangusha birika tupu sakafuni. Likagonga, likabingirika mpaka ukutani. Hakuna mtu ndani ya nyumba ile ambaye hakusikia.

Shemeji alitoka mbio, hakupita hata mlango wa wageni, alirarua pazia. "Nini hii? Nini?"

"Nimezima," mdogo wangu alisema.

"Umezima nini? Mimi unanifanyia mchezo mbele ya watu?" Akamshika. Katika sehemu zote za mwili wa mtu, akamshika pale, kwenye plasta, akavuta.

Mdogo wangu alilia. Si kilio cha kusema na mdomo, kilitoka chini, kilitoka kwenye mfupa. Nilishika mchi wa kinu. Nilikuwa nakwenda, nakuapia, nilikuwa nimeshaunyanyua, leo ningekuwa nakueleza hadithi nyingine, pengine nikiwa jela. Lakini mtu alinipita. Baba. Alikuja na sinia la wanaume mikononi, hata hakulimwaga kwanza, nanasi na nyanya zinamruka kifuani, kivuguto kinamtiririka kwenye kanzu. Akalipiga ubapa kichwani mwa mkwe wake. Shaba ikalia mtaa mzima.

Mara ya kwanza ningesema amepandwa na wazimu. Mara ya pili alimtazama usoni.

Shemeji alianguka kwenye maji yaliyozima moto, kanzu yake ya kukata ikaloa majivu, damu ikamshuka kwenye nyusi. Baba akanyanyua sinia tena na mzee wa upatanishi akamdandia mgongoni akilia "Mzee! Mzee! Ni Idi!" Nami, samahani, nilimpiga shemeji teke. Moja. Sawa, mawili. Majirani walikuwa tayari wamejaa ukutani, vichwa vimepangana. Wakamtoa shemeji, mzee akamfuata. Anatukana mpaka barabarani: nyumba ya wendawazimu, mtoto wenu kaeni naye, mtakoma, mama tuende!

Uani tukaachiwa uchafu. Vipande vya embe kwenye majivu, tende zimekanyagwa. Baba alikaa kwenye ngazi, sinia mapajani. Alikuwa anapapasa kibonyeo kwa kidole gumba.

"Sikujua analia hivyo," alisema. "Mi niliambiwa ameanguka."

Mdogo wangu akaenda akakaa karibu naye kwenye ngazi. Alikuwa ameegemeza plasta yake juu ya goti la baba, na baba aliiacha pale, hakujua aishike wapi.

Nje honi ikaanza. Piii. Piii. Ndipo nikakumbuka mama mkwe. Nikageuka, nikijua sasa ndo vita yangu imefika, mama ametukaniwa mtoto, amepigiwa mtoto, atanirukia. Nikakaza mwili.

Alikuwa amelitoa mwenyewe sinia la wanawake kutoka chumba cha ndani. Alilibeba polepole, alivyo mwembamba na shaba ilivyo nzito, akaliweka chini uani katikati ya uchafu wote ule. Akavuta kigoda cha mdogo wangu, akakaa. Akanawa kwa maji yaliyobaki kwenye ndoo. Kisha akachukua kipande cha nanasi akala. Akachukua kingine. Alikuwa anakula haraka, kama watu wanavyokula magharibi ikiingia, na machozi yanamshuka mpaka kidevuni na hayafuti.

"Mama," nikasema.

"Mi, mume wangu walimupikia pilau," alisema. Mdomo ulikuwa umejaa. "Nilikimbia, nikafika kwetu na meno yangu mkononi. Akakuja kunichukua, baba yake huyu anayepiga honi. Mama yangu aliamka alfajiri, akawasha moto mwenyewe. Niko nimelala mu chumba, nikasikia harufu ya vitunguu. Nikajua nimeisha kurudishwa."

Piiiii, honi ilisema.

"Anakuita," nikamwambia.

"Namsikia. Wacha apige." Akachukua shavu la embe, akalitazama, akalipindua nyama nje vizuri zaidi ya nilivyofanya mimi. Akanisogezea kiganja kilicho wazi.

"Hii embe ni kali," alisema. "Niletee chumvi."